Mwezi, Maji na Pumzi: Kumwandalia Mzazi Safari ya Kutazama Matumbawe

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliotangulia, shikamooni. Nanyi wenzangu mliokuja moja kwa moja kutoka makazini, mkapita katika foleni ya Barabara ya Bagamoyo ili tuwe pamoja jioni hii, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaandalia wazazi wetu matembezi ya kutazama viumbe wa baharini wanapokuja Dar es Salaam kupumzika, na nitajifunga kwa wazazi ambao hawajawahi kutia uso ndani ya maji ya chumvi, maana hao ndio wengi majumbani mwetu.

Sisi watoto huanza kupanga kwa kuangalia siku zetu za mapumziko. Jumapili hatuendi kazini, basi Jumapili tunakwenda kisiwa cha Mbudya. Bahari haihesabu Jumapili. Rai yangu ni kwamba siku ya safari ichaguliwe kwa mwezi ulio angani, na muda wa kukaa majini uchaguliwe kwa pumzi ya mzazi mwenyewe. Mambo mengine yote, chombo cha kupanda, chakula na picha, yaje nyuma ya hayo mawili.

Nilijifunza hili kwa mama yangu, aliyekuja kutoka Iringa. Nilimpeleka kisiwani siku ya bamvua, siku ambayo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, bila kujua kuwa ni bamvua. Tulifika mnamo saa 4 asubuhi, maji yamekupwa na miamba imebaki wazi, tukalazimika kutembea mbali juu ya mawe yenye utelezi ili kuyafikia maji ya kutosha kuelea. Alikanyaga mmoja wa wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu. Baadaye maji yakaanza kujaa kwa nguvu na mkondo ukatusukuma. Muda wote huo mama alinijibu, "Niko salama, mwanangu." Hakuwa salama, alikuwa ananistahi.

Naomba nieleze jambo hili la maji kwa utulivu, kwa sababu ndilo linaloamua kama safari itakuwa ya raha au ya hofu. Mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo huja bamvua: katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, kisha hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yaani saa ileile ambayo familia nyingi zinashuka kutoka kwenye boti. Juma moja baadaye mwezi unakuwa nusu, jua na mwezi huvutana kwa pembe, na maji hupanda na kushuka kwa mita 1 hivi tu. Haya watu wa pwani huyaita maji mafu. Katika siku za maji mafu bahari hujaa asubuhi, karibu na saa 4 au saa 5, wakati upepo kwa kawaida bado haujachangamka, na mkondo huwa dhaifu. Kwa anayeanza, na hasa kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, sijaona saa bora kuliko hiyo. Kwa hiyo hesabuni mwezi kama wanavyouhesabu wavuvi: tafuteni siku zinazozunguka tarehe 8 na tarehe 23 za mwezi mwandamo. Katika nyumba zenye kalenda ya Kiislamu ukutani kazi hii inachukua dakika moja, na kila siku inayoongezeka isogezeni saa ya maji kujaa mbele kwa dakika 50 hivi.

Upepo nao una majira yake. Kusi linapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mawimbi huwa makubwa na maji huchafuka. Wakati wa masika mito humwaga tope baharini. Miezi ya Oktoba hadi mapema Machi huwa na maji meupe zaidi, ingawa kaskazi nalo lina siku zake za ukali. Katika majira yote, mkalishe mzazi upande wa kisiwa unaotazama bara, na kamwe usimpeleke upande wa bahari kuu.

Kuhusu mahali, hatuhitaji kwenda mbali. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, na za Mbudya huondokea maeneo ya Kunduchi. Mwambieni mzazi ukweli kabla ya kupanda boti: matumbawe yetu yaliumizwa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi, na mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Asitarajie anachokiona kwenye runinga. Atakachokiona ni samaki wadogo wa rangi, kiti cha pweza, kile kiumbe chenye umbo la nyota, juu ya mchanga, nyasi za bahari, na akibahatika, samaki aitwaye pono akitafuna mwamba kwa mdomo wake mgumu.

Sasa nije kwenye pumzi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, yaani maji kidogo ni bahari kwa sisimizi, na mimi nauchukulia msemo huu kuwa maelekezo ya kazi. Anzeni nyumbani, siku mbili kabla. Mzazi aketi kwenye kiti, avae miwani ya kuzamia, aume mrija wa kupumulia, avute na kutoa pumzi taratibu kwa dakika tano. Miwani ipimwe kwa kuiweka usoni bila mkanda na kuvuta hewa puani; ikishika yenyewe, inamfaa. Masharubu huivujisha, na miwani ya macho haiwezi kuvaliwa ndani yake. Ile inayofunika uso mzima sipendi kumpa mzee, kwa sababu haivuliki haraka anapotaharuki. Ufukweni, aketi kwenye maji ya magoti na atie uso tu. Kisha asimame kwenye maji ya kifua. Kuelea kuje mwisho kabisa, akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, nawe umemshika mkono. Msilivue jaketi hilo ati kwa kuwa ameshazoea.

Kuna sababu ya mwili inayonifanya nisisitize hivi. Mtu anapoingia majini hadi shingoni, maji huibana miguu na tumbo, damu nyingi zaidi hurudi kifuani, na moyo hulazimika kuipokea. Mrija nao huifanya pumzi kuwa nzito kuliko kawaida. Kijana hayahisi hayo. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo anaweza kuyahisi vibaya, kwa hiyo amwone daktari wake kwanza na amweleze waziwazi anachokusudia kufanya. Mwenye kisukari asiingie na njaa, na kitu kitamu kiwe karibu ndani ya boti. Watu wote wanywe maji ya kutosha, kwa kuwa bahari humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara bila yeye kuhisi kiu.

Msimuulize mzazi kama amechoka. Jibu mnalijua. Mwombeni aseme sentensi ndefu, pengine awatajie majina ya wajukuu wake wote. Akikatika kuvuta pumzi katikati, tokeni majini. Mzunguko wa kwanza usizidi dakika 15, hata kama anafurahi. Kubalianeni ishara mapema: mkono juu ya kichwa maana yake niko salama, mkono unaopungwa maana yake nisaidie. Na yule anayemshika mzazi asiwe ndiye mpiga picha.

Mavazi yamewanyima akina mama wengi furaha hii bila sababu. Khanga au kitenge ndani ya maji huwa kizito na huzinga miguu, jambo ambalo ni hatari. Suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu vya kitambaa cha kuogelea, pamoja na kilemba cha kitambaa hichohicho, humsitiri mtu na humkinga na jua la mgongoni, na humpunguzia haja ya kujipaka mafuta ya jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Raba za majini zivaliwe tangu kwenye boti.

Na mzazi asiyetaka kutia uso majini asisukumwe. Kwake yeye, ile bamvua niliyoilalamikia ndiyo neema. Mtoeni asubuhi maji yanapokupwa, avae raba, ashike fimbo, mtembee polepole kwenye mchanga kati ya vidimbwi huku mkitazama bila kung'oa wala kubeba kitu, na mgeuke kurudi mara tu maji yanapoanza kupanda.

Mama yangu alirudi mwaka uliofuata. Tulikwenda siku ya maji mafu, tukaanza kwenye maji ya magoti, na baada ya dakika kumi aliinua uso akaniuliza ni nani anayesaga karanga huko chini. Alikuwa amesikia meno ya pono.

Nimeweka miwani sita hapa mezani, za ukubwa mbalimbali. Wazee watangulie kuzijaribu, kisha nitapokea maswali yenu.