Tafuta Fundi Mwoga

Asanteni. Wa nyuma sogeeni mbele, viti vya mbele havilipiwi. Naona wengine walinisikia mwaka jana nikisema haya haya, na wamerudi. Ama mlipenda, ama magari yamewagomea.

Sitaanza kueleza gari la umeme ni nini. Aliyekuja kuuliza kama linaweza kuendeshwa kwenye mvua: ndiyo, linaendeshwa. Tuendelee.

Kila ninapomaliza kuzungumza, mtu hunivuta kando na kuninong'oneza, "Mwalimu, nipe namba ya fundi." Namba sitoi. Fundi niliyemsifu mwezi huu, mwezi ujao amepata kazi nyingi, ameajiri vijana wanne, na gari lako linaguswa na yule wa nne aliyekuwa akitengeneza pikipiki juzi. Halafu lawama zinarudi kwangu. Ninachotoa ni namna ya kumtambua, na namna yenyewe ni hii: tafuta mwoga. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hawakuwa wameona betri ya volti 360, lakini walisema.

Mnijalie niwape kisa cha Kangemi. Wanaokijua wavumilie.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya asubuhi, niko Waiyaki Way pale Kangemi, Nairobi, naelekea mjini. Gari langu ni Nissan Leaf, la umeme, ya kizazi cha kwanza, kama nyingi mlizokuja nazo. Nimesimama kununua gazeti, nimezima. Kurudi, nabonyeza swichi, taa za dashibodi zinawaka zote kama mti wa Krismasi, halafu kimya. Haliingii gia. Usiku ule nilikuwa nimechaji mpaka limejaa! Ikaja brekidauni, kijana akataka kuliinua nyuma alikokote magurudumu ya mbele yakizunguka. Nikapiga kelele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoendeshwa na mota, na yakizungushwa kwa nguvu mota inageuka jenereta. Akaniambia, "Mzee, mimi nimevuta magari miaka kumi." Nikamwambia, haya, mwaka wa kumi na moja utauanza ukiwa umeliinua mbele.

Tukafika gereji moja Industrial Area, jina lake nimelisamehe. Fundi mkuu alivaa ovaroli safi, saa kubwa mkononi, pete mbili. Hakupima chochote. Alitazama zile taa, akatikisa kichwa kama daktari aliyekosa matumaini, akasema, "Betri kubwa imekufa." Akataja laki saba. Akaongeza kwamba tukilipa nusu siku hiyo, ataifungua mchana ule ule, kwa sababu yeye haogopi stima.

Haogopi stima! Ndugu zangu, mtu akikuambia hivyo, chukua ufunguo wako.

Niliita brekidauni nyingine, nikalipeleka Ngara kwa mama mmoja aliyezoea kutengeneza haibridi, magari ya petroli na umeme pamoja, zile Prius na Aqua zilizojaa mjini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza: liliegeshwa siku ngapi kabla? Kuna kamera ya dashibodi iliyounganishwa? Nikasema ipo, inarekodi hata usiku. Akafungua boneti, akachukua multimita, kile kipimo cha umeme, akapima betri ndogo, ile ya volti 12 ya kawaida. Ikasoma 10.9. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Kumbe kamera ilikuwa ikiinyonya usiku. Akaweka nyingine ya kuazima, nikabonyeza swichi, gari likawaka. Nililipa chini ya elfu kumi na tano, betri mpya ikiwemo. Kutoka laki saba.

Kwa nini betri ndogo iangushe gari zima wakati kubwa imejaa? Kwa sababu kubwa imefungiwa. Ndani ya sanduku lake kuna swichi nzito, kontakta, na kinachoziwasha ili umeme wa kubwa utoke ni umeme wa ile ndogo. Kompyuta zote za gari pia zinaishi kwa ile ndogo. Ikichoka, kompyuta zinaanza kuota, kila moja inalalamikia jirani yake, na wewe unaona taa kumi za hitilafu ilhali hitilafu ni moja. Ni kama nyumba yenye tangi la maji limejaa na bomba limefungwa. Anayekwambia ununue tangi jipya ama hajui, ama anajua sana.

Kwa hiyo mtihani wangu ni swali moja tu: "Taa zote zikiwaka, utaanza na nini?" Akijibu betri ndogo, keti. Akijibu betri kubwa, simama.

Sasa kuna mtu hapo nyuma anawaza, "Mimi nafundisha fasihi, nitajuaje kama anachofanya ni sahihi?" Huhitaji kujua. Tazama mikono. Mwoga, kabla ya kugusa waya wa rangi ya chungwa, ule wa umeme mkubwa, anazima gari na kuweka ufunguo mbali. Anatoa waya wa hasi wa betri ndogo. Anainua zulia sakafuni karibu na viti vya nyuma, anachomoa plagi ya usalama, ile inayoitenga betri kubwa, na kuitia mfukoni mwake, asije mwingine akairudisha. Halafu, na hapa ndipo mashujaa hushindwa, anasubiri. Dakika kumi, kwa sababu ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, kuna kapasita zinazoshika chaji hata betri ikiwa imetengwa. Baada ya hapo anavaa glavu za mpira za volti 1000, na za ngozi juu yake, anapima kuhakikisha umeme haupo, ndipo anaanza kazi. Akivaa glavu za kuoshea vyombo, ondoka polepole usimshtue.

Na msiniambie wamezoea umeme wa nyumba. Wa nyumba ni volti 240, na ule wa Kenya Power mara nyingine hupotea wenyewe ukamwokoa mtu. Wa betri haupotei.

"Lakini si ulituambia halina sevisi?" Nilisema halina oili ya injini, plagi za cheche wala mkanda. Sikusema halina magurudumu. Lina bushi, na barabara zetu mnazijua. Lina kipoza-joto cha inveta na mota. Lina maji ya breki. Breki zenyewe hutumika kidogo kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, basi diski zinashika kutu na pini zinakwama, fundi asipozifungua kuzisafisha utazijutia siku ya mteremko. Akikuandikia "kubadilisha oili ya injini" kwenye risiti, nakuomba uniletee hiyo risiti niiweke kwenye fremu. Ninazo mbili tayari.

Ejenti, yule muuzaji rasmi wa kampuni ya gari? Nendeni, sikatazi. Ila gari lako lilinunuliwa Japani likiwa limetumika, likashuka Mombasa, na dashibodi ingali inaongea Kijapani. Usishangae ukiulizwa ulilitoa wapi.

Neno moja la vijiti vya betri, maana dakika zinayoyoma. Leaf ya kizazi cha kwanza huonyesha kwenye dashibodi vijiti 12 vya uzima wa betri. Cha kwanza hudondoka betri ikishapoteza takriban asilimia 15, na betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, joto huizeesha. Wapo wanaoichezea kompyuta ili vijiti virudi 12 siku ya kuuza, halafu baada ya majuma vinaanza kudondoka kama meno ya mtoto. Fundi wa kweli hasomi vijiti. Anachomeka kisomeo chake kwenye gari, anafungua programu ya LeafSpy kwenye simu, anakuonyesha voltiji ya jozi zote 96 za seli. Kama moja iko chini peke yake, anatafuta moduli, yaani fungu la seli, ile moja kati ya 48. Kubadilisha moduli si kubadilisha betri, na bei zake hazikaribiani.

Nilitaka kusema kuhusu waya za kuchajia nyumbani, lakini nimeonyeshwa saa. Mtumie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na msichaji kwa ekstensheni ya supamaketi. Bima tutazungumza siku nyingine, nikianza leo nitakasirika.

Naambiwa kamati ya harusi inausubiri ukumbi. Basi twende nje, multimita ninazo mbili. Tunaanza na gari la yule mama aliyesema lake hugoma kila Jumatatu asubuhi. Mama, una kamera ya dashibodi?