Viazi Vianze na Maji Baridi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Najua wapo waliocheka waliposikia kwamba leo tunazungumzia kuchemsha viazi. Chekeni tu, lakini anayecheka na aniambie kwa nini viazi vyake humeguka nje huku kati vingali vigumu.

Joto hupenya kiazi polepole sana. Wanga wake huanza kunyonya maji na kuvimba joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Ukikitumbukiza kiazi kizima katika maji yanayochemka, sehemu ya nje huvuka kiwango hicho mara moja, na kiini hata habari hakijapata. Kiini kikija kuiva, nje kumeshaharibika. Kwa hiyo viwekeni sufuriani, mimineni maji baridi mpaka yavifunike, ndipo mwashe moto. Ipo na faida ya pili: kiazi kikipita taratibu kwenye nyuzi 55 hadi 60, kimeng'enya kilichomo hukaza pektini inayoshikanisha seli, na kiazi hakibomoki ovyo. Vipande vidogo havina shida hiyo sana. Joto huvifikia upesi.

Chumvi itieni mapema, ipate kuingia. Lakini ile hadithi kwamba inafanya maji yawe moto zaidi, iacheni. Gramu 10 katika lita moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa chini ya robo ya nyuzi.

Maji yakishachemka, punguzeni moto. Maji yanayoruka kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota kwa upole. Yanachofanya ni kugonganisha viazi na kumaliza gesi. Muda? Hapo mtu akikutajia dakika kamili, mwulize kwanza kiazi chake kina ukubwa gani na anaishi wapi. Mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na viazi hukawia kuiva. Mimi nakiamini kisu: kikizama hadi katikati bila kukwama, tayari.

Dada mmoja aliniuliza hapo mlangoni kwa nini viazi alivyovitia kwenye mchuzi wa nyanya vilikataa kulainika. Dada yangu, ni ile asidi. Inazuia pektini kuyeyuka. Unapotaka vipande visivyovunjika vya saladi, hiyo ni msaada, na kijiko cha siki majini kinafaa. Unapotaka viazi laini, vichemshe kwanza, nyanya baadaye.

Kuchemsha na maganda hupunguza vitamini C inayopotelea majini, nami napendelea hivyo. Ila kiazi kilichogeuka kijani msikitegemee moto. Rangi yenyewe haidhuru, lakini huashiria kwamba kiazi kimepigwa na mwanga, na solanini huenda imeongezeka; sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Kateni sehemu hiyo pamoja na machipukizi, mkate kwa kina. Kikiwa kijani kote, au kikiwa kichungu mdomoni, tupeni.

Vikiiva, mwageni maji yote, rudisheni viazi kwenye sufuria yenye moto bila mfuniko, dakika moja au mbili, mvuke utoke. Kama ni vya kuponda, pondeni vingali moto, kwa mkono. Blenda hupasua seli, wanga ukamwagika, na mnachopata ni gundi ya kubandikia bahasha.

Haya, maswali.