Safu ya Maelezo: "Kiboko"

SALUMU: Karibuni tena. Leo Injinia Tuma kaja na masomo matatu kuhusu modeli, yaani hesabu za kompyuta, za mito na mabwawa, tena kayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mimi sijaahidi kitu.

TUMA: Usianze, kaka. Wiki nzima nipo na madaftari ya geji ya zamani, ya mto Ruaha Mkuu, nayaingiza kwenye kompyuta. Msoma geji anashuka mtoni, anatazama rula iliyosimikwa majini, anaandika kina. Nafungua mwezi mmoja wa kiangazi, namba zinashuka vizuri, sentimita kwa sentimita, halafu patupu. Kwenye safu ya maelezo kaandika neno moja: "Kiboko."

SALUMU: (anacheka) Basi?

TUMA: Hata nukta hakuweka. Kesho yake tena, "Kiboko." Siku inayofuata, "Kiboko yuleyule."

SALUMU: Yuleyule! Huyo ndiye mtaalamu. Kamtambua sura.

TUMA: Mimi nataka mita za ujazo kwa sekunde, bwana. Kina nakipitisha kwenye mkunjo unaokigeuza kuwa mtiririko, na mtiririko ndio unaoingia kwenye modeli ya bwawa la umeme la Mtera. Modeli haimjui kiboko. Inadai namba kila siku.

SALUMU: Sasa ukaweka nini?

TUMA: Kiangazi mto unashuka polepole, hakuna mvua ya kuushtua. Nachukua namba ya kabla na ya baada, navuta mstari katikati. Ingekuwa masika nisingethubutu. Mafuriko yanaweza kupanda na kushuka yote ndani ya hizo siku za kiboko.

SALUMU: Na kama yeye ndiye kapandisha maji? Mwili ule, kalala chini ya geji.

TUMA: Mtoni maji yanampita pembeni.

SALUMU: Kwenye dimbwi je?

TUMA: Dimbwi lililokatika... kidogo, ndiyo.

SALUMU: Wasikilizaji, modeli ina kasoro ya kiboko.

TUMA: Unacheka, lakini umegusa jambo. Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye akaahidi utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mpaka leo viboko wanasongamana kwenye madimbwi. Usiku wanakula majani nchi kavu, mchana wanakuja kunya majini. Mto ukitembea, kinyesi kinasombwa. Ukisimama kinarundikana, oksijeni inakwisha, samaki wanapungua. Watafiti wamelipima hilo hapohapo Ruaha.

SALUMU: Kumbe kiboko naye ni data.

TUMA: Data ya mto uliokatwa huko juu.

SALUMU: Haya, tumefika. Sema tu, mpunga.

TUMA: Mpunga wa bonde la Usangu, huko juu ya hifadhi. Masika sina ugomvi, maji yapo. Kiangazi mabanio ya mifereji yanaendelea kuvuta hata pasipo na kitu shambani, kinamasi cha Ihefu kinashuka, na maji yakiwa chini ya mwamba pale N'giriama, yanapotokea Ihefu, hakuna kinachotoka kwenda hifadhini.

SALUMU: Mama yangu ana majaruba Mbarali, hukohuko Usangu, mnajua, mchele wake wengine mmeula. Nikuulize. Mtera likijaa lina eneo gani?

TUMA: Zaidi ya kilomita za mraba 600.

SALUMU: Na jua la pale linanyanyua kina gani kwa mwaka?

TUMA: Kama mita 2.

SALUMU: Zidisha.

TUMA: Bilioni 1.2 za mita za ujazo. Lakini hiyo ni likikaa limejaa mwaka mzima, na halikai...

SALUMU: Kata nusu. Kwenye modeli hayo unayaweka wapi?

TUMA: Mstari wa uvukizi.

SALUMU: Na jaruba la mama?

TUMA: Mahitaji ya juu ya mto.

SALUMU: Haya ya mama mnayapunguza kila mkikaa kikao. Yale ya jua hakuna anayeulizwa.

TUMA: Banio naweza kulifunga. Jua nalifungaje?

SALUMU: Unaamua bwawa likae kina gani! Lina nafasi kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Na mgao wa umeme wa mwanzoni mwa miaka ya 90, wapo watafiti waliorudi kwenye hesabu wakaona tatizo kubwa ni namna mabwawa yalivyoendeshwa. Wewe ndiye uliniambia.

TUMA: Na nalisimamia. Kidatu, kituo cha umeme kilicho chini ya Mtera, ina megawati 204, ila bwawa lake dogo. Ukifungulia Mtera huku mito ya Lukosi na Yovi, inayoingia hapo katikati, imefura, Kidatu linamwaga tu. Lakini kaka, Mtera liko chini ya hifadhi, maji yanapita hifadhini kwanza. Hata ukilifunika turubai, Oktoba mto hifadhini utabaki mkavu.

SALUMU: Basi msilitaje umeme mnapomwondoa mtu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na umeme ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

TUMA: Mimi sijamwondoa mtu. Nasema kiangazi banio lifungwe, yabaki ya kunywa.

SALUMU: Mfereji huohuo ndio wanaooga, wananyweshea, wanafyatulia tofali. Ukifunga, wanakwenda wapi?

TUMA: Visima.

SALUMU: Vya nani? Vimechimbwa?

TUMA: Vichimbwe. Mto hausubiri.

SALUMU: Na mama asubiri? Sikubali.

TUMA: Nami sikubali.

(kimya)

SALUMU: Kiboko yuko upande wa nani?

TUMA: Wangu, bila shaka.

SALUMU: Muulize mama. Kiboko anakula mpunga vilevile.

TUMA: (anacheka) Masomo yangu, jamani.

SALUMU: Tuna dakika mbili. Soma la pili, lile fupi.

TUMA: Modeli unairekebisha kwa miaka fulani, halafu unaipima kwa miaka ambayo haijaiona. Ukitumia ileile kuirekebisha na kuipima, itakusifia tu...

SALUMU: Na El Niño ya 1997 na 1998 unaiweka kwenye fungu lipi?

TUMA: Hapo sasa umeharibu. Hiyo inataka kipindi kizima.

SALUMU: Fundi ananikatia. Wiki ijayo tuna mgeni, El Niño na lile la kwanza na la tatu zitangoja. Tuma, geji yako...

TUMA: Zima kwanza hiyo maiki, nikwambie kuhusu visima.