Kwa Nini Chuma Kinakubali Kupinda

MUMBI: Karibuni tena kipindini. Asubuhi nimepitia Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, nikaomba kipande cha waya mnene wa shaba nyekundu. Fundi ameupasha moto makaani hadi ukaiva, kisha akauacha upoe. Otieno, hebu upinde.

OTIENO: Ala! Laini hivi? Umepinda kwa vidole tu.

MUMBI: Sasa unyooshe, urudi ulivyokuwa.

OTIENO: Ngoja… haukubali. Pale kwenye kona pamekaza. Nikilazimisha, unapinda huku pembeni, kona yenyewe inabaki vilevile.

MUMBI: Na hujaongeza chochote. Umeupinda mara moja tu, tayari umekuwa mgumu. Mafundi wanalijua jambo hili tangu enzi za kale: ukifua bati sana linakuwa gumu, ukizidi linapasuka, kwa hiyo unalirudisha motoni. Lakini sababu yake ilianza kueleweka mwaka 1934.

OTIENO: Yaani treni imeshafika Nairobi, magari yako barabarani, ndege ziko angani, na hakuna anayejua kwa nini chuma kinapinda?

MUMBI: Hakuna. Karne ya 19, ekseli ya treni ikikatika, wahandisi wengi waliangalia pale ilipokatikia, wakaona punje zinazometameta, wakasema chuma kimechoka kikageuka fuwele, yaani kitu ambacho atomi zake zimejipanga safu kwa safu, kama chembe ya chumvi. Mwaka 1899, kule Cambridge, James Ewing na Walter Rosenhain wakasugua vipande vya metali hadi vikang'aa, wakavivuta na kuvitazama kwa hadubini. Wakaona mistari myembamba imejipanga juu ya kila punje. Ni vingazi vidogo sana: tabaka za fuwele zimeteleza moja juu ya nyingine. Kumbe metali ilikuwa fuwele tangu mwanzo, na hata baada ya kuvutwa ikabaki fuwele.

OTIENO: Basi si jibu hilo? Tabaka zinateleza.

MUMBI: Hapo ndipo fumbo lilipoanza, ndugu yangu. Mwaka 1926 Yakov Frenkel, mwanafizikia wa Urusi, akapiga hesabu ya nguvu inayotakiwa ili tabaka nzima ya atomi iteleze kwa mpigo juu ya nyingine. Hesabu ikatoa nguvu kubwa ajabu. Fuwele safi ya shaba inaanza kupinda kwa nguvu ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara elfu moja.

OTIENO: Mara elfu! Hiyo si tofauti ya kusema vipimo vimekosewa kidogo.

MUMBI: Haswa. Mwaka 1934 watu watatu wakatoa jibu moja: Geoffrey Taylor Uingereza, na Wahungaria wawili, Egon Orowan na Michael Polanyi. Hao wawili walijuana, wakakubaliana makala zao zitoke pamoja. Taylor alifika kivyake. Na naomba nimtaje Constance Elam, kwa sababu husahaulika: ndiye aliyefanya na Taylor vipimo vya fuwele za alumini miaka ya 1920, na vipimo hivyo ndivyo vilivyomfikisha huko.

OTIENO: Walisema nini?

MUMBI: Kwamba fuwele ina kasoro. Kuna safu ya atomi iliyoingia nusu, haikufika upande wa pili. Ukingo wa safu hiyo ni mstari, unaitwa dislokesheni. Fikiria zulia zito la sebuleni. Kulivuta lote kwa mpigo ni kazi, lakini ukitengeneza mkunjo upande mmoja na kuusukuma hadi upande wa pili, zulia limesogea. Atomi nazo hazitelezi zote pamoja. Mstari unapita, safu baada ya safu.

OTIENO: Na waya wangu umekaza kwa nini?

MUMBI: Kwa sababu kupinda kunazalisha mistari mingine. Inaongezeka, inakutana, inazuiana. Kwenye sentimita moja ya ujazo ya metali iliyofuliwa sana, mistari hiyo ukiiunganisha inaweza kupita urefu wa kilomita milioni moja.

OTIENO: Ndani ya kipande cha ukubwa huo?

MUMBI: Ndani humo. Moto unazipa atomi nafasi ya kujipanga upya, punje mpya zinaota, mistari mingi inatoweka, na waya unalainika.

OTIENO: Kuna aliyeiona, au ni hesabu tu?

MUMBI: Mwaka 1956, Cambridge tena, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan waliweka utando mwembamba wa alumini kwenye hadubini ya elektroni, wakaiona ikitembea. Miaka 22 watu walikuwa wanaiamini bila kuiona! Mwaka huohuo Walter Bollmann akaiona kwenye chuma kisichoshika kutu.

OTIENO: Kwa hiyo Frenkel alikosea?

MUMBI: Hapana, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 1952, Marekani, Conyers Herring na John Galt walipima nyuzi za stani, ile metali iitwayo tin kwa Kiingereza, nyembamba kuliko unywele, zisizo na kasoro karibu kabisa. Zilistahimili nguvu inayokaribia ile ya hesabu yake.