Kupima mtiririko wa uji wa uwele kwa chupa na mrija

Ndugu mtazamaji, karibu jikoni kwetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Leo tunapima jinsi uji wa uwele unavyopungua mnato kadiri unavyosukumwa kwa nguvu zaidi, tukiulinganisha na asali ya Manyoni, ambayo mnato wake hautegemei msukumo.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate shingo, itoboe ubavuni karibu na kitako, kisha pachika kipande cha mrija wa soda cha sentimita 5 kikiwa kimelala mlalo, na uzibe kwa gundi. Weka alama sentimita 7 na sentimita 14 juu ya mrija.

Pika uji mwepesi, uchuje mabuje yote, na uuache upoe kabisa huku ukiukoroga ili usifanye utando. Vipimo vyote vifanyike katika joto lilelile, kwa kuwa asali ya saa nane mchana si asali ya alfajiri.

Anza na asali. Ziba mrija kwa kidole, jaza hadi alama ya juu, achia, na upime muda wa kupata mililita 10 katika kikombe cha dawa ya mtoto. Rudia kwa alama ya chini. Utaona kwamba kimo kikipungua nusu, muda unakuwa takriban mara mbili.

Sasa osha chupa, weka uji, na utazame mdomo wa mrija kwa karibu. Kwenye alama ya juu uji unatoka kama uzi. Kwenye alama ya chini unaning'inia, unavimba, ndipo unadondoka. Chembe za wanga zilizovimba hukwamana uji unapokwenda polepole, na hujipanga kufuata mkondo unaposukumwa. Pima muda kwa alama zote mbili kama ulivyofanya kwa asali. Muda wa alama ya chini ukiwa mara nne ya ule wa alama ya juu, gawanya logi (kitufe cha log kwenye kikokotoo) ya 2, yaani tofauti ya kimo, kwa logi ya 4, yaani tofauti ya muda, upate fahirisi ya mtiririko ya 0.5, namba inayoonyesha jinsi mnato unavyobadilika kwa msukumo; asali hutoa 1. Uji ukigoma kabisa kutoka, kanuni hii haifai: uongeze maji, urudie.

Mimi nilianza na mlenda, mboga yetu ya hapa, nikajuta, maana uzi wake ulivuta wenzake kutoka ndani ya mrija na kuharibu muda wote.

Ukimaliza, osha mrija papo hapo. Uji ukikaukia ndani, kesho utakuwa unapima mrija mwingine.