Katika Faili la Safu, Mpaka ni Mahali

Ndugu zangu, tutazameni mstari huu pale ukutani:

`  12.345-100.200  14.001`

Ni kipande cha faili la PDB, ambamo wanabiolojia huandika mahali ilipo kila atomu ya protini. Mnaona namba ngapi? Ziko tatu: X, Y na Z. Lakini ukiiambia lugha ya programu ya Python ikate penye nafasi kwa `split()`, itakupa vipande viwili, na hicho cha kwanza, `12.345-100.200`, si namba. Skripti itakwama palepale, na heri ikwame! Ninachokiogopa ni skripti isiyokwama. Herufi inayotaja mnyororo wa protini, katika safu ya 22 ya mstari kamili (kila herufi au nafasi ni safu moja), ikiachwa wazi, vipande vyote vinavyofuata vinasogea hatua moja kushoto, na Y inasomwa kuwa X bila onyo lolote. Nimewahi kufanya hesabu siku mbili nzima juu ya data iliyosogea hivyo.

Mafaili haya ya safu, ambamo kila kipande cha data kina mahali pake maalumu, ni wajukuu wa kadi za kutoboa, zile kadi za karatasi zilizobeba data kwa matundu. Kadi ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na tundu lilipata maana kutokana na safu lilipotobolewa. Nafasi tupu haitenganishi kitu. Nayo ni sehemu ya data.

Kwa hiyo tukate kwa mahali. Mwongozo wa PDB unasema X iko safu ya 31 hadi 38, Y 39 hadi 46, Z 47 hadi 54. Kwa Python tunaandika:

`x = float(mstari[30:38])`

Mbona 30? Kwa sababu mwongozo unahesabu kuanzia 1, Python inaanzia sifuri, na ile 38 ya mwisho haihesabiwi ndani. Nafasi za pembeni `float` inazivumilia yenyewe. Ila msiuguse mstari mzima kwa `strip()` kabla ya kukata: ukila nafasi za mwanzo, safu zote zimehama. Wanaotumia lugha ya Perl wana `unpack`, wa gawk wana `FIELDWIDTHS`. Kazi ni ileile.

Angalieni pia herufi kama é. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ni baiti mbili, na programu nyingi za zamani zilipanga safu kwa kuhesabu baiti. Faili la namna hiyo likateni likiwa bado baiti, ndipo mgeuze vipande kuwa maandishi.

Na kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa skripti, chapisheni 1234567890 mara nane mfululizo, na chini yake mstari wa kwanza wa faili. Kisha hesabuni kwa kidole.