Mafuta ya Mbegu za Mrihani na Jamaa Zake wa Porini

Asanteni. Tunapotaja jamii ya nanaa, wengi hufikiria majani ya kutia kwenye chai. Jamii hiyo ni kubwa: humo mna mrihani, mna kivumbasi cha kufukuzia mbu, mna hata chia, ambayo asili yake ni Meksiko na Guatemala na siku hizi inalimwa Uganda na Kenya. Majani ya mimea hii yana mafuta yanayonukia na kuruka hewani. Ya mbegu ni mengine kabisa. Ni mafuta ya chakula kama ya alizeti au ufuta.

Waliokunywa faluda Mombasa wanazijua mbegu za mrihani, zile punje nyeusi zinazovimba na kuvaa ute. Ute ule ni nyuzinyuzi. Mafuta yamo ndani, kama moja ya tano ya uzito wa punje, na ukizimeza nzima mwili unapata kidogo kuliko ukizisaga.

Sasa tuyapime. Katika mbegu za mrihani na vivumbasi kadhaa vilivyokwisha kupimwa, kati ya asilimia 44 na 65 ya mafuta ni asidi ya alfa-linoleniki, yaani omega-3 ya mimea. Chia inakaribia 60. Alizeti ya kawaida haifikishi hata 1! Kwa hiyo gugu la kando ya shamba linaishinda chupa ya dukani, kwa kipimo hicho.

Kwa kipimo hicho tu, jamani. Mwili hugeuza sehemu ndogo sana ya omega-3 hii kuwa DHA, omega-3 nyingine inayohitajika kwenye ubongo na macho. Mla dagaa anaipata DHA ikiwa tayari.

Halafu kuna kikaango. Asidi ya alfa-linoleniki ina sehemu tatu ambapo kaboni zimeshikana mara mbili, na hapo ndipo oksijeni inaposhambulia. Mafuta ya perila, jamaa yao wa Asia, hukauka yakawa utando mgumu, ndiyo maana yametumika kwenye rangi na vanishi. Msikaangie mihogo. Mimina kwenye kachumbari, na chupa ikae gizani, penye baridi.

Nimalizie na ndugu mmoja mkorofi. Leonotis nepetifolia mmemwona njiani: shina refu, maua ya rangi ya chungwa yamejikusanya mviringo, yana miiba. Mwaka 1965 wakemia wa Marekani walieleza asidi ngeni waliyoikuta katika mafuta ya mbegu zake, wakaiita laballeniki. Kaboni zake zimeungana kwa namna isiyopatikana katika mafuta tunayopikia. Ujamaa na mrihani haumpi kibali cha kuingia jikoni. Mimi ningemwacha maabara kwanza. Haya, maswali.